Kozi ya simu kwa WAJA wa ziwani: iandae kabla ugonjwa haujapewa jina

Kozi nyingi za kujiandaa na milipuko huanza na orodha ya magonjwa. Somo la kwanza kipindupindu, la pili Ebola, la tatu UVIKO-19, na kila somo lina historia ya ugonjwa, mchoro wa kirusi au bakteria, na maswali ya kukariri. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yaani WAJA, akimaliza anaweza kukuambia kwamba ugonjwa wa Marburg, ulio jamii moja na Ebola, uligunduliwa mwaka 1967 huko Ujerumani, lakini hajui ampigie nani saa mbili usiku mtu mzima anapofariki ghafla kwenye kambi ya wavuvi. Kama unaandaa kozi ya mtandaoni kwa WAJA wa mwambao wa Ziwa Victoria mkoani Mwanza, wawe wa Ukerewe, Sengerema, Buchosa, Magu au Ilemela, geuza mpangilio huo. Sehemu kubwa ya kozi isitaje ugonjwa wowote. Ifundishe kuona jambo lisilo la kawaida, kujikinga, na kutoa taarifa siku hiyo hiyo. Ugonjwa wenyewe uachiwe kadi moja tupu, itakayojazwa mlipuko ukitokea.

Tazama mambo yalivyokwenda kwa jirani zetu wa Kagera. Machi 21, 2023 Tanzania ilitangaza mlipuko wake wa kwanza wa Marburg, Bukoba Vijijini. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana alikuwa ametoka kisiwa cha Goziba, ndani ya ziwa hili hili, akaugua baada ya kurudi kijijini. Waliofuata ni ndugu na wahudumu wa afya. Mlipuko ulipotangazwa kwisha Juni 2, wagonjwa walikuwa 9 na waliofariki 6. Mlipuko wa pili, wa Biharamulo, ulitangazwa Januari 20, 2025. Mgonjwa wa kwanza anayejulikana alianza kuugua Desemba 9, 2024. Taarifa za kutia shaka zikalifikia Shirika la Afya Duniani Januari 10. Wakahesabiwa wagonjwa 10, wote wakafariki, na ni wawili tu waliothibitishwa maabara. Kati ya mgonjwa wa kwanza na taarifa hizo ulipita mwezi mzima, na somo zuri kuhusu kirusi lisingeupunguza hata kwa siku moja. Anayeweza kuupunguza ni mtu wa kitongoji aliyeona vifo viwili katika nyumba moja, akajua kwamba hilo peke yake linatosha kupiga simu hata kama hajui kilichoua.

Siku hizi wataalamu wa milipuko hutumia kipimo cha 7-1-7: siku 7 kuugundua mlipuko tangu uanze, siku 1 kutoa taarifa, siku 7 kukamilisha hatua za mwanzo za kuudhibiti. WAJA anahusika hasa na zile 7 za kwanza na ile 1 ya katikati. Kozi yake ipimwe kwa hizo.

Tangu Januari 2024 Tanzania ina mpango wa taifa wa WAJA wenye lengo la kufikia wahudumu 137,294 katika miaka mitano. Wanaopitia mpango huo hupata mafunzo ya msingi ya darasani na ya vitendo. Usiyarudie kwenye simu. Lakini ukiacha hao, mwambao una watu wengi wa kujitolea waliofundishwa zamani na miradi mbalimbali: wa chanjo, wa malaria, wa UKIMWI, wa kichocho. Kozi moja lazima iwafae wote wawili, aliyemaliza mafunzo juzi na aliyefundishwa miaka kumi iliyopita kwa bango kitita.

Ishara kwanza, ugonjwa baadaye

Kiini cha kozi ni ishara sita. Zisizidi, kwa sababu ya saba haitakumbukwa. Watu wawili au zaidi wa nyumba, kambi, boti au shule moja wenye dalili zinazofanana ndani ya wiki moja. Mtu mzima aliyekuwa mzima kisha akafariki baada ya kuugua siku chache. Mhudumu wa afya, au yeyote aliyemuuguza mgonjwa, kuanza kuugua naye. Wanyama wengi kufa kwa pamoja, wawe mbuzi, popo au nyani. Mgonjwa aliyefika karibuni kutoka eneo lenye mlipuko uliotangazwa. Na ya sita, ambayo wataalamu wengine huiona legelege lakini mimi siitoi: jambo ambalo mzee wa mtaa anasema hajawahi kuliona.

Hapo hakuna neno la kitabibu hata moja. WAJA hapimi joto wala hatoi damu ili aione ishara. Kosa la kawaida la waandaaji ni kuchukua tafsiri ya mgonjwa inayotumika hospitalini, yaani maelezo ya nani ahesabiwe kuwa na ugonjwa fulani, na kuipeleka kitongojini ilivyo. Ya hospitali imetengenezwa ili ichuje na kupunguza. Ya jamii inatakiwa iwe pana, ikusanye hata visivyohusika, kisha zahanati ndiyo ichuje. Kwa hiyo somo liseme wazi kwamba WAJA aliyetoa taarifa kumi, tisa zikawa malaria au chakula kilichochacha, amefanya kazi yake vizuri. Kama msimamizi wa zahanati anamcheka kwa zile tisa, kozi imekwisha hapo. Ndiyo maana ninashauri msimamizi naye apewe somo lake fupi, lenye jambo moja tu: kila taarifa ijibiwe ndani ya saa 24, hata kwa neno "tumefuatilia, ni malaria". WAJA akipeleka taarifa tatu zisizojibiwa, ya nne hutaiona.

Taarifa yenyewe ni vitu vitano: nini, wangapi, wapi, lini, na je, kuna kifo. Majina ya wagonjwa hayaandikwi kwenye ujumbe. Wala picha ya mgonjwa haitumwi kwenye kundi la WhatsApp, hata la kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu taarifa za afya pia, na mbali na sheria, nyumba iliyowahi kusambazwa picha yake haitamfungulia WAJA mlango tena. Ujumbe wa mfano uwe kama huu: "Taarifa. Kambi ya wavuvi, kitongoji fulani. Watu 3, wakubwa 2, mtoto 1. Kuharisha na kutapika. Wameanza jana. Kifo hakuna. Wanakunywa maji ya ziwa." Unaingia kwenye SMS moja na bado kuna nafasi.

Hapa kuna mtego mdogo unaokula fedha za miradi. SMS ya kawaida hubeba herufi 160. Ukiandika "ng'ombe" kwenye kompyuta, programu ya kuandikia mara nyingi hugeuza alama ile ya juu iliyonyooka kuwa iliyopinda, na alama iliyopinda haimo kwenye herufi za kawaida za SMS. Ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo na kubaki na herufi 70 tu. Ujumbe uliolipiwa kama mmoja unakuwa mbili au tatu, na kwenye vitochi, yaani simu ndogo za vitufe, unaweza kuonekana kama vijisanduku. Andika ujumbe wote kwenye programu isiyopamba maandishi, na kabla ya kutuma kwa watu mia tano tafuta alama hiyo moja baada ya nyingine.

Uzito wa somo

Pima kozi kwa kilobaiti kabla ya kuipima kwa uzuri. WAJA wa Ukara au Kome hununua bando kwa fedha yake, na simu yake ina nafasi ndogo iliyokwisha kujazwa na picha za harusi za WhatsApp. Mahali pengine mtandao hushika kwenye kilima au chini ya mti ambao kila mtu anaujua. Somo moja lisizidi MB 1. Hesabu yake ni rahisi: sauti ya mkondo mmoja kwa kilobiti 24 kwa sekunde hula kilobaiti 180 kwa dakika, hivyo dakika nne ni kilobaiti 720. Ongeza michoro sita ya kilobaiti 40 kila mmoja, 240. Jumla 960. Masomo 18 yanakaa ndani ya MB 18, kozi nzima, na inaweza kuhamishwa kwa kadi ya kumbukumbu au Bluetooth toka simu moja hadi nyingine mwaloni, boti zinapofikia, bila kutumia bando.

Video iwe haba. Dakika moja ya picha ndogo ya 360p kwa kilobiti 400 hula MB 3. Itumie kwa kazi ya mikono tu, kama kuvua glavu, na isizidi sekunde 90. Piga picha ukiwa nyuma ya bega la anayeonyesha, ili mkono wake wa kulia uwe upande wa kulia wa mtazamaji. Ukipiga kutoka mbele, nusu ya darasa hugeuza mikono. Mtaalamu anayeongea mbele ya kamera hana kazi hapo. Sauti yake inatosha.

Na sauti yenyewe ijaribiwe kwenye simu ya bei ndogo, siyo kwenye spika za ofisini. Spika ndogo hukata sauti nzito. Mkufunzi mwenye besi nzuri anageuka mtetemo. Rekodi chumba chenye magodoro au vitenge vilivyotundikwa ukutani, mbali na bati wakati wa mvua na mbali na upepo wa ziwa. Kila sauti ianze kwa kutaja mwezi na mwaka ilipotengenezwa: "Hili ni somo la Agosti 2025." Ukiliandika tu kwenye jina la faili, halifiki popote. Sauti ikishasambazwa mara tatu jina hupotea, na tulikwisha kuona wakati wa UVIKO-19 jinsi maelekezo ya mwezi uliopita yanavyozunguka mwaka mzima kama ya leo.

Wanaojenga kwa Moodle, mfumo wa kuendeshea kozi za mtandaoni, wajue kwamba programu yake ya simu huruhusu kupakua kozi na kuisoma bila mtandao, lakini jaribio halifanyiki nje ya mtandao mpaka uwashe mpangilio huo kwenye jaribio lenyewe, usiweke ukomo wa muda, na uchague majibu yatolewe mwishoni. Hili la mwisho ni tatizo, kwa sababu mtu mzima hujifunza vizuri anapoambiwa kosa lake hapo hapo. Njia ya kupita: mazoezi ya kila somo yajengwe kwa H5P, zana ya kutengenezea mazoezi ya mtandaoni, ambayo husahihisha papo hapo ndani ya simu, na jaribio rasmi liwe moja tu mwishoni. Waambie pia wazi kwamba majibu hukaa kwenye simu mpaka iguse mtandao. Anayefuta programu ili apate nafasi ya picha, kabla majibu hayajapanda, amepoteza kazi yake yote.

Namba ya simu isiwe ndiyo utambulisho wa mwanafunzi. Laini hubadilishwa, simu hukopeshwa, na WAJA wawili wa kitongoji kimoja wanaweza kutumia simu moja. Tumia namba ya WAJA pamoja na jina la kijiji. Wenye vitochi wasiachwe: sauti zile zile za dakika nne zinaweza kusikilizwa kwa simu ya kupiga bila malipo, na maswali kujibiwa kwa kubonyeza 1 au 2. Ni ghali kidogo kwa mwandaaji, lakini wenye vitochi mara nyingi ndio walioko mbali zaidi na zahanati.

Saa na mwezi

Kozi ya dakika 20 kwa wiki inabeba zaidi ya semina ya siku tano, mradi maswali yarudi. Swali la leo lirudi baada ya siku 2, kisha 7, kisha 30, kwa maneno tofauti. Lakini ratiba ya ziwani haifuati Jumatatu na Ijumaa. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku wa giza kwa taa, na wakati wa mbalamwezi wengi hupumzika pwani. Asubuhi za giza wanawake wako kwenye vichanja na mikeka wanaanika. WAJA wengi wamo humo humo, wanaanika au wana mume majini. Somo jipya likitoka wiki ya mbalamwezi husikilizwa. Likitoka katikati ya giza hukaa bila kufunguliwa, na mwandaaji aliyeko mjini anaandika kwenye ripoti kwamba watu hawana ari. Tazama mwezi kabla ya kupanga tarehe. Hiyo pia ndiyo wiki ya kufanya mkutano kambini, kwa kuwa watu wapo.

Kazi za mikono hazijifunzwi kwenye kioo

Simu inaweza kuonyesha jinsi ya kuchanganya klorini, lakini haiwezi kuona kijiko ulichotumia. Kwa hiyo cheti kisitoke kwa jaribio peke yake. Weka asubuhi moja zahanati, WAJA wanane hadi kumi kwa msimamizi mmoja, na kila mtu atende mbele yake.

Klorini ya unga ya asilimia 65 hadi 70: kijiko kikubwa kimoja, kilichosawazishwa, chenye gramu 15 hivi, kwenye lita 20 za maji hutoa dawa ya asilimia 0.05, ya kunawa mikono pale ambapo hakuna sabuni. Kijiko hicho hicho kwenye lita 2 hutoa asilimia 0.5, ya kutakasa sakafu, vyombo na matapishi. Tofauti ni mara kumi, na makosa mengi yanatokea hapo: mtu ananawisha watoto kwa ile kali, au anamwagia matapishi ile dhaifu. Andika ndoo kwa rangi mbili tofauti. Ndoo iwe ya plastiki yenye mfuniko, unga uwekwe kwenye maji na siyo maji kwenye unga, kazi ifanyike nje penye hewa, klorini isichanganywe na dawa nyingine ya usafi, na dawa ya jana imwagwe.

Kwa klorini ya maji, usifundishe kipimo kimoja cha kukariri, kwa sababu chupa za dukani hazina nguvu sawa. Fundisha hesabu: gawa asilimia iliyoandikwa kwenye chupa kwa asilimia unayoitaka, kisha toa moja, unapata sehemu za maji kwa kila sehemu moja ya dawa. Chupa ya 3.5 ukitaka 0.5 ni 7 toa 1, yaani maji sehemu 6. Chupa ya 5 ni maji sehemu 9. Weka maswali matano ya hesabu hii kwenye simu yenye chupa tofauti tofauti; ni zoezi moja ambalo simu inalifanya vizuri kuliko darasa.

Chumvi ya kuongeza maji mwilini, ORS: pakiti moja, lita moja. Kosa si kusahau lita, kosa ni chupa. Ukisema "chupa ya maji" mmoja atachukua ya mililita 500 na mwingine ya lita moja na nusu. Ya kwanza inatoa maji yenye chumvi kupita kiasi, hatari kwa mtoto. Ya pili haifanyi kazi inavyopaswa. WAJA aje na chombo cha nyumbani kwake, akipime hapo zahanati, akitie alama ya lita moja kwa msumari au rangi. Kilichobaki baada ya saa 24 kinamwagwa. Pakiti zikikosekana kabisa: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, huku mgonjwa akielekea kituoni.

Glavu nazo zijaribiwe kwa rangi: paka glavu rangi ya maji au tope la udongo, kisha mtu azivue. Tope likionekana kwenye kifundo cha mkono, arudie. Na hapa somo liwe na msimamo mkali: glavu ni za kusaidia kufanya usafi, hazimpi WAJA ruhusa ya kuuguza mgonjwa anayehisiwa kuwa na Marburg au Ebola. Kazi yake ni kusimama hatua mbili kubwa mbali, nje ya nyumba, kuuliza, kuwazuia watu wasiguse, na kupiga simu. Mwambie mapema, maana moyo wa kusaidia ndio unaowaponza.

Kuhesabu siku 21

Marburg na Ebola hujificha mwilini kati ya siku 2 na 21. Aliyemgusa mgonjwa hufuatiliwa siku 21 kamili, na hesabu huanza siku aliyomgusa mara ya mwisho. Wengi huanza siku waliyomwandikisha kwenye daftari. Aliyemgusa mgonjwa kwa mara ya mwisho Juni 3 hufuatiliwa hadi Juni 24, hata kama ulimpata Juni 8. Zoezi la simu liwe na tarehe za namna hii, tena zinazovuka mwisho wa mwezi.

Kisha ongeza lile linalotokea ziwani kweli: siku ya tisa mtu wako amepanda boti kwenda kisiwa kingine. Ufanyeje? Jibu si kumfungia. Jibu ni kujua alikokwenda, kupiga kwa WAJA wa huko na kwa kiongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi, wa mwalo ule, na kuikabidhi hesabu ikiwa siku ya 9, isianze upya. Bila orodha ya viongozi wa BMU ndani ya kozi, jibu hili ni maneno matupu. Kambi nyingine ziko wilaya nyingine, na nyingine mkoa mwingine. Goziba yenyewe iko Kagera, na wavuvi hawaulizi mpaka wa mkoa wanapofuata samaki.

Msiba

Somo gumu kuliko yote ni la mazishi, na wengi hulipitia kwa sentensi moja: "usiguse maiti." Familia iliyoambiwa hivyo na kijana wa kitongoji itamfukuza, na itaosha. Tengeneza somo hili kama mazungumzo yenye njia za kuchagua: baba mkubwa anasema lazima tumwoshe, WAJA anachagua jibu, na kila jibu linampeleka mahali tofauti. Majibu mazuri yana kitu cha kuwapa ndugu: kuchagua sanda, kusali karibu na kaburi, kuona jeneza likishushwa, kutaja wasemaji wa familia. Kwa Waislamu, tayamamu inaweza kushika nafasi ya kuosha kwa maji, na timu ya mazishi salama inajua namna ya kuifanya. Sauti ya sheikh wa eneo akilieleza hilo ina uzito kuliko ya daktari yeyote. Mrekodi yeye, na mchungaji, na padri, kabla ya mlipuko. Wakati wa mlipuko hutawapata, au utawapata wakiwa na hasira. Somo hili moja ningelitoa pia kwa Kisukuma, Kikerewe na Kijita, hata kama mengine yote yatabaki Kiswahili.

Kadi tupu

Sasa ile nafasi ya ugonjwa. Kadi ina mistari saba: jina, dalili tatu zinazoonekana kwa macho, unavyoambukiza, siku za kujificha mwilini, jinsi WAJA anavyojikinga, jambo moja la kutofanya, na wapi pa kutoa taarifa. Kila mstari una kikomo cha maneno 15. Mchoro mmoja. Sauti ya dakika mbili. Jenga kadi nne sasa hivi ili mfumo uzoeleke: kipindupindu, Marburg, surua na mpoksi, ambayo nayo ilithibitishwa nchini Machi 2025. Ya tano iache tupu kabisa, na uipitishe kwa waidhinishaji ikiwa tupu, ili wakubaliane na umbo lake kabla ya maneno.

Ucheleweshaji haupo kwenye kurekodi. Upo kwenye idhini. Maandishi ya ugonjwa lazima yatoke kwa Wizara ya Afya, na hakuna mwandaaji anayepaswa kutunga dalili zake mwenyewe kutoka mitandaoni. Basi andikeni mapema ni nani mkoani anayeidhinisha, ni nani badala yake akiwa safarini, na kwa njia gani. Lengo linalowezekana ni saa 24 kwa maandishi na saa 24 nyingine kwa sauti na kupandisha. Jaribuni mara mbili kwa mwaka na ugonjwa wa kubuni usio na jina la kweli. Kadi ya zamani ifutwe kwenye simu yenyewe mpya inapofika, la sivyo zote mbili zitasomwa.

Zoezi

Mara moja kila miezi mitatu tuma ishara ya mazoezi kwa WAJA wachache, uone taarifa inafika zahanati kwa saa ngapi na wilayani kwa saa ngapi. Ujumbe uanze na kuisha kwa maneno HILI NI ZOEZI, kwa sababu mtu atausambaza nusu. Mganga mkuu wa wilaya, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa kitongoji wajue siku hiyo. Usipofanya hivyo, kufikia saa sita mchana soko lote la samaki la Mwaloni Kirumba litakuwa na habari ya Ebola, na bei ya dagaa itashuka kwa zoezi lako.

Matokeo ya zoezi ndiyo ripoti ya kozi. Idadi ya waliomaliza masomo haikuambii kitu; watu hukaa watatu, mwenye macho mazuri akawajibia wote, na sioni sababu ya kuwaonea haya, wamejifunza pamoja. Uliza mambo matatu: saa kati ya ishara na taarifa, idadi ya taarifa zilizojibiwa, na wangapi waliochanganya ORS sawasawa kwa chombo chao.

La mwisho ni namba za simu, ambazo ndizo huharibika haraka kuliko kitu kingine chochote kwenye kozi. Mratibu wa ufuatiliaji wa magonjwa huhamishwa na laini yake huondoka naye. Namba zote zikae kwenye faili moja ambalo masomo yote yanalisoma. Zisichorwe ndani ya picha wala kutamkwa ndani ya sauti, isipokuwa 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya. Kila robo mwaka mtu akae na orodha azipige zote, akiwa kisiwani na siyo mjini, kwa laini ya kila mtandao unaoshika pale. Isiyopokelewa mara mbili ibadilishwe siku hiyo.